Woga wa Nyoka Tuliurithi kwa Macho

Katika nchi kavu za kaskazini na mashariki ya Kenya, kwenye udongo laini na mvua za kubahatisha, yuko nyoka mfupi mnene anayeishi chini ya mchanga. Rangi yake ni ya machungwa au manjano, na mgongoni ana mabaka ya kahawia yasiyo na mpangilio. Jike hufikia karibu sentimita 90; dume ni mdogo sana kwake. Macho na pua vimekaa juu kichwani, hivyo huweza kujizika mwili mzima akabakiza sehemu ndogo ya uso, akamngojea panya au mjusi apite. Hana sumu. Hatagi mayai, huzaa watoto walio hai. Ukimshika taratibu atajipenyeza katikati ya vidole kana kwamba anatafuta mchanga, kisha atatulia.

Wanasayansi wanamwita Eryx colubrinus. Wafugaji wa Marekani na Ulaya, ambao wamemzalisha vizazi kwa vizazi katika masanduku ya kioo, humwita kwa jina la nchi ya Kenya. Kwao ni mmoja wa nyoka wanaopendekezwa kwa mtu anayeanza kufuga: hakui sana, hana haraka, hali zaidi ya panya mmoja mdogo kwa juma au majuma mawili. Huku kwao alikotoka, akiibuka juu ya mchanga mbele ya watu, jembe humfikia kabla mtu hajauliza ni nyoka gani.

Nyoka ni yule yule, na tabia yake ni ile ile. Tofauti iko kwa watu, na tofauti hiyo imechunguzwa kwa zaidi ya nusu karne. Yaliyogunduliwa yanatuhusu sana sisi tunaoishi katika nchi zenye nyoka wengi, wapole na wakali.

Nianze na upole wenyewe, maana umepotoshwa na pande zote mbili. Wanaomchukia nyoka husema hana fadhila: umlee miaka na miaka, siku moja atakugeuka. Baadhi ya wanaomfuga nao hupiga picha wakiwa wamemzungusha shingoni na kusema anawakumbatia. Wote wanampa moyo wa binadamu. Nyoka hana kinyongo cha kuweka akiba, wala sioni haja ya kumsingizia mapenzi ili apate kupendwa. Alicho nacho ni utulivu, na utulivu huo una sababu zinazoeleweka.

Chukua yale macho. Nyoka hana kope za kufumba. Jicho lake limefunikwa na gamba angavu, na hata akilala macho yako wazi. Yale macho ya kukodoa yanayotusisimua mwili, tukaona kama anatupangia jambo, ni umbile tu. Ulimi nao, ule wenye panda mbili unaotoka na kurudi, hauchomi wala haubebi sumu. Unaokota chembe za harufu na kuzifikisha kwenye kiungo maalumu kilicho katika paa la kinywa, na hapo ndipo anapotambua kama kilicho mbele yake ni chakula, adui, au kitu kisichomhusu. Nyoka anayeugusagusa mkono wako kwa ulimi anatafuta kujua wewe ni nani. Akishapata jibu lile lile mara nyingi, kwamba harufu hii haimdhuru na haiwi chakula, huacha kuhangaika. Wafugaji wanaposema nyoka wao amezoea, wanamaanisha hivyo, na mimi naona inatosha.

Nyoka anayejulikana zaidi kwa mazoea hayo ni yule anayeitwa nyoka wa mahindi, mkazi wa mashariki na kusini mashariki ya Marekani, kuanzia New Jersey hadi Florida. Ni mwembamba, mara nyingi mita moja hadi moja na nusu, wa rangi ya machungwa yenye mabaka mekundu. Porini huwafuata panya hata kwenye maghala ya nafaka, na huwaua kwa kuwaviringisha na kuwabana, maana sumu hana. Akitishwa, jambo la kwanza ni kukimbia. Akikosa njia hutikisa ncha ya mkia kwa kasi. Kung'ata huja mwisho, na jeraha lake kwa kawaida ni vitone vya damu vya kuoshwa kwa maji na sabuni.

Mwingine ni chatu mdogo wa Afrika Magharibi, Python regius, anayepatikana kuanzia Senegal hadi kaskazini-magharibi ya Uganda. Huyu ndiye chatu anayefugwa zaidi duniani. Silaha yake kubwa ni aibu: akiogopa hujikunja akawa donge, kichwa akakificha katikati ya mwili wake, akangoja hatari ipite. Mtu aliyezoea kusikia kwamba chatu humeza mbuzi hupata shida kuamini akimwona huyu amejificha uso kwa sababu ya kelele za mtoto.

Nyoka hawa hung'ata, na mfugaji mkweli hatakuficha. Karibu mara zote sababu ni mbili, woga au njaa. Anayemshika kutoka juu anamfanya ajione amenyakuliwa na mwewe. Kwa hiyo mkono unapitia ubavuni, chini kwa chini, na mwili wake unabebwa wote bila kuning'inizwa. Anayeingiza mkono wenye harufu ya panya ndani ya sanduku anajitafutia jeraha. Wengi humgusa kwanza kwa fimbo laini, taratibu, ili ajue kwamba si saa ya kula. Akishakula huachwa siku mbili bila kushikwa, la sivyo anaweza kutapika. Siku za kujivua gamba, macho yake yanapopata ukungu wa buluu na uwezo wa kuona ukapungua, huachwa pia. Ukisoma kanuni hizi kwa makini utaona kwamba zote zinamlinda nyoka asiogope. Asipoogopa hana sababu ya kung'ata.

Mahali alipozaliwa pana uzito mkubwa kuliko wanunuzi wengi wanavyodhani. Tangu miaka ya 1970 mamilioni ya wale chatu wadogo yamesafirishwa kutoka Ghana, Togo na Benin kwenda kwenye masoko ya nje, wengi wakichimbuliwa mashimoni au wakianguliwa kutokana na mayai yaliyochukuliwa porini. Aliyekamatwa akiwa mkubwa hufika na kupe, amedhoofu, na mara nyingi hukataa kula kwa wiki kadhaa. Huyo si mpole, amekata tamaa, na mtu asiyejua hawezi kuona tofauti. Aliyezaliwa mikononi mwa watu, wa kizazi cha kumi, hajui kitu kingine. Mimi naona biashara ya kukamata nyoka porini ili wafugwe inapaswa kwisha, na inaweza kwisha, kwa sababu waliozalishwa wanatosha soko lote.

Wala si kila nyoka anayefaa kukaa nyumbani. Chatu wetu mkubwa wa Afrika hukua kupita mita nne na ana hasira za haraka. Yule wa Burma, ambaye watu wa Florida walimnunua akiwa mdogo na mzuri wa kutazama, alizidi nguvu zao, na baadhi yao wakamwachilia vichakani. Leo kizazi chao kimejaa katika mabwawa ya Everglades na kupunguza sana wanyama wa huko. Halafu kuna umri. Mwaka 2020, katika bustani ya wanyama ya Saint Louis nchini Marekani, jike wa chatu mdogo wa Afrika Magharibi alitaga mayai ilhali alikuwa amekaa hapo tangu mwaka 1961 na kwa miaka mingi hakuwa karibu na dume. Si kila mmoja atafikia umri huo, lakini miaka 20 au 30 ni ya kawaida. Mzazi anayemnunulia mtoto nyoka ananunua kitu ambacho huenda kikamwona mtoto huyo akioa.

Sasa tuingie kwenye woga, maana hapo ndipo jambo hili linapogusa maisha ya walio wengi, wasio na mpango wowote wa kufuga nyoka.

Tuna methali: mwenye kuumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Ni kweli tupu. Ila walio wengi kati yetu hatujawahi kuumwa, na unyasi tunaushtukia vile vile. Woga wetu ulitoka kwa nani?

Miaka ya 1980, mtaalamu wa saikolojia Susan Mineka na wenzake huko Wisconsin walilitazama swali hili kwa tumbili wa Asia. Tumbili waliozaliwa porini waliwaogopa nyoka sana: walipiga kelele, wakarudi nyuma, wakakataa chakula kilichowekwa ng'ambo ya nyoka. Watoto wao waliozaliwa maabara hawakuogopa. Walinyoosha mkono juu ya nyoka wakachukua chakula kana kwamba hakuna kitu. Kisha watoto hao waliwekwa mahali ambapo wangewaona wazazi wao wakimwona nyoka. Dakika chache za kutazama hofu ya mzazi zilitosha. Miezi mitatu baadaye watoto walikuwa bado wanaogopa, nao hawakuwa wameguswa na nyoka hata siku moja.

Watafiti hao hawakuishia hapo. Walitengeneza filamu ambamo tumbili alionekana akiogopa nyoka wa bandia, na nyingine ambamo hofu ile ile ilionekana kama anaogopa maua. Waliotazama walijifunza kuogopa nyoka, lakini maua hayakuwatisha. Ina maana akili ina mlango ulio wazi tayari kwa hofu ya nyoka, ingawa lazima mtu aupitishe ujumbe. Kwa watoto wa binadamu matokeo yanafanana na hayo. Vanessa LoBue na Judy DeLoache walionyesha mwaka 2008 kwamba watoto wa miaka mitatu hadi mitano humgundua nyoka katikati ya picha nyingi upesi kuliko wanavyogundua ua au chura. Watoto wachanga walioonyeshwa filamu za nyoka hawakuonyesha woga wowote; ila waliposikia sauti ya mtu mwenye hofu, macho yao yalikaa kwa nyoka muda mrefu zaidi. Tunazaliwa wepesi wa kumwona nyoka. Kumwogopa tunafundishwa na yule aliyetushika mkono siku tulipomwona kwanza.

Na kuna jaribio jingine la Mineka, la mwaka 1986, ambalo naliona kuwa muhimu kuliko yote ingawa halitajwi sana. Tumbili walioanza kwa kuwaona wenzao wakiwa watulivu mbele ya nyoka, na baadaye wakaonyeshwa tumbili wenye hofu, wengi wao hawakuambukizwa hofu hiyo. Utulivu waliouona kwanza uliwakinga. Watafiti wenyewe waliuita chanjo.

Kwa waliokwisha kuogopa, njia iligunduliwa mapema zaidi. Mwaka 1969 Albert Bandura wa Chuo Kikuu cha Stanford, California, pamoja na wenzake wawili, walichapisha matokeo ya kazi yao na watu waliowapata kwa matangazo ya magazeti. Hawa hawakuwa watu wa woga wa kawaida. Kati ya watu wa namna hiyo wapo walioshindwa kulima bustani zao, waliokataa kutembea mashambani, na ambao kazi zao ziliathirika kwa sababu zilihitaji kuingia chini ya nyumba au kwenye majani marefu.

Tiba iliyofaulu zaidi ilikuwa hivi. Mgonjwa alianza kwa kumtazama mtaalamu kupitia kioo, akiwa chumba cha pili, mtaalamu akimshika nyoka asiye na sumu bila papara. Kisha aliingia chumba kile kile. Mtaalamu alimshika nyoka kichwani na mkiani ili mgonjwa aguse katikati ya mwili, kwanza kwa glavu, halafu kwa mkono mtupu. Aliyeogopa kugusa aliweka mkono wake juu ya mkono wa mtaalamu, akauteremsha kidogo kidogo hadi vidole vyake vikafika. Hatua kwa hatua mtaalamu alijitoa, mpaka mgonjwa akawa amekaa kitini peke yake, mikono pembeni, nyoka akitambaa mapajani mwake. Kwa waliotibiwa kwa njia hiyo, asilimia 92 waliweza jambo hilo la mwisho. Walioonyeshwa filamu peke yake walipata nafuu, lakini hawakuwafikia.

Bandura alisimulia baadaye kwamba baada ya tiba, mwanamke mmoja aliota nyoka mkubwa akimsaidia kuosha vyombo. Alisimulia pia, na hili ndilo lililobadili kazi yake yote iliyofuata, kwamba watu hao walirudi na kusema mengine yamelegea pia: walikuwa wanaweza kuzungumza mbele ya umati, kujaribu kazi waliyoiogopa. Kutokana na watu hao ilizaliwa nadharia yake maarufu ya mtu kuamini uwezo wake mwenyewe, aliyoichapisha mwaka 1977.

Mtu akinieleza kwamba kufuga nyoka ni upuuzi wa matajiri, namkumbusha kwamba katika tiba ile nyoka mpole ndiye aliyefanya nusu ya kazi. Pasingekuwa na nyoka anayevumilia kuguswa na mikono inayotetemeka, mmoja baada ya mwingine, hakuna aliyekaa kwenye kiti kile angepona.

Afrika ina uzoefu wake, wa aina zaidi ya moja. Miongoni mwa Wasukuma, chama cha Bayeye kilikuwa cha watu waliojua kushika nyoka na kutibu walioumwa, na hadi leo ngoma za Bagika na Bagalu, hasa wakati wa tamasha la Bulabo kule Bujora karibu na Mwanza, huweza kukuonyesha mchezaji na chatu mabegani. Wazee wa Liwale na Newala wanamkumbuka C.J.P. Ionides, aliyefariki mwaka 1968, Mwingereza aliyekamata maelfu ya nyoka kusini mwa Tanzania hata akaitwa Bwana Nyoka. Nawaheshimu wote hao. Lakini nionavyo, kuwatazama hakupunguzi woga wa mtazamaji. Ngoma humwonyesha mchezaji kuwa ana dawa, ana kitu ambacho wewe huna, na mtu anaondoka akiwa amestaajabu huku akiogopa zaidi. Mtaalamu wa Bandura alifanya kinyume: alijionyesha kuwa mtu wa kawaida kabisa.

Mfano wa Ouidah, mji wa pwani nchini Benin, unakaribia hilo. Hapo kuna hekalu la chatu, likitazamana na kanisa kubwa la Kikatoliki. Chatu wale wadogo huheshimiwa kwa ajili ya mungu Dangbé. Usiku huachiwa watoke kutafuta chakula, na mwenye nyumba akimkuta mmoja sebuleni kwake asubuhi humbeba akamrudisha. Mtoto anayekulia Ouidah amemwona mama yake, muuza duka na jirani wakimwinua chatu bila kupiga yowe. Huyo ameshapata ile chanjo.

Najua kuna anayesoma akiwa na jibu mkononi: Ouidah si Kitui, na chatu mdogo si koboko. Ana haki. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 5.4 huumwa na nyoka kila mwaka duniani, na kati ya 81,000 na 138,000 hufa; wengine wengi hukatwa viungo. Mwaka 2017 shirika hilo liliingiza sumu ya nyoka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika, na wanaoumia ni wakulima, wachungaji na watoto wao. Kwetu tuna koboko, tuna swila, tuna kifutu ambaye watu wa pwani humwita bafe. Kifutu halali njiani kwa ukorofi. Anategemea rangi yake imfiche, hivyo hasogei mpaka anakanyagwa. Hakuna neno katika makala hii linalomwambia mtu amguse nyoka asiyemjua.

Ninachodai ni kwamba woga tulio nao hautulindi dhidi ya hao. Katika aina karibu 4,000 za nyoka duniani, kama 600 ndizo zenye sumu, na zinazoweza kumdhuru sana binadamu ni takriban 200. Mwenye woga wa kufunga macho hatofautishi. Anapomwona nyoka yeyote huchukua fimbo na kumsogelea, na kumsogelea nyoka huongeza hatari ya kuumwa. Aliyefundishwa utulivu hurudi nyuma hatua tatu, humwacha apite, huwaondoa watoto, hutafuta msaada. Usiku huwasha tochi na kuvaa viatu kwa sababu anajua kifutu hutembea saa zipi. Akiumwa hafungi kamba wala hachanji. Hutulia, hukiacha kiungo bila kukitikisa na hukimbizwa hospitali. Akili ya kufanya hayo haipatikani kwa mtu ambaye moyo umeshamtoka.

Na tunaowaua kwa fimbo zile ni akina nani? Mara nyingi ni nyoka wa nyumbani, yule wa kahawia mwenye mistari miwili hafifu inayopita kwenye macho. Huingia stoo usiku kwa ajili ya panya, hana sumu, na ni miongoni mwa nyoka wa Afrika wanaofugwa kwa wingi Ulaya kwa sababu ya ustahimilivu wake. Mwingine ni mla mayai. Huyu karibu hana meno kabisa. Humeza yai la ndege zima, hulipasua kwa miiba ya uti wa mgongo iliyochomoza kooni, hunywa ute na kiini, kisha hutema ganda. Kwa kuwa hana cha kujitetea, akitishwa hujikunja na kusugua magamba yake yakatoa mlio wa kutisha, akijifanya nyoka mwenye sumu. Igizo hilo linawafukuza maadui wengi. Kwa binadamu mwenye jembe ndilo linalomponza.

Sisemi twende vichakani tukawachukue. Sheria ya wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013 na ile ya Tanzania ya mwaka 2009 zinataka kibali kwa anayemkamata au kumweka mnyama wa porini, na ni vizuri iwe hivyo. Mtu asiye na ujuzi anayeokota nyoka kwa sababu amesoma kwamba wapo wapole anaweza kuokota mwingine. Mahali pa kukutana nao ni kwa wanaowajua. Bustani ya nyoka ya Nairobi, kando ya Makumbusho ya Taifa, ipo tangu mwaka 1961. Watamu kuna kituo cha Bio-Ken, kilichoanzishwa na James Ashe, ambaye kabla ya hapo aliisimamia bustani hiyo ya Nairobi. Nje kidogo ya Arusha, njia ya kwenda Ngorongoro, kuna bustani ya Meserani, ambayo imekuwa na zahanati inayowatibu wanakijiji walioumwa. Wanaofanya kazi mahali kama hapo wanaona pande zote mbili kwa siku moja, swila aliyefungiwa kwenye kioo na nyoka mpole anayeweza kuguswa, na hawachanganyi mambo.

Mgeni akifika, neno langu kwake ni asikubali kuharakishwa. Umpeleke mtoto kwa mkumbo wa wenzake wanaosukumana na kupiga mayowe, akatupiwa nyoka shingoni ili apigwe picha, na huenda ukampa hofu ya maisha. Kinachofaa ni kusimama mbali kwanza, umtazame mlezi anavyomshika, uulize maswali. Kisha sogea. Gusa mgongo kwa vidole viwili, usiguse kichwa. Watu wengi hushangaa papo hapo: walitarajia utelezi, wakakuta ngozi kavu, nyororo, yenye joto la mahali alipokuwa amelala. Mara nyingi mshangao huo ndio unaofungua mlango, na pengine kwa siku ya kwanza unatosha. Kisha nawa mikono kwa sabuni, kwa sababu wanyama watambaao hubeba vijidudu vya salmonela hata wakiwa na afya njema. Watoto walio chini ya miaka mitano watazame tu, wasishike.

Mzazi anayeogopa asiende na mtoto wake siku ya kwanza. Aende peke yake, au na rafiki asiyeogopa, siku isiyo na wanafunzi wengi, amwambie mlezi ukweli kwamba anaogopa. Walezi wameshawaona wengi wa namna hiyo na hawamcheki mtu. Arudi mara ya pili na ya tatu ikibidi, mpaka aweze kusimama karibu na nyoka huku uso wake umetulia na sauti yake haijabadilika. Akifika hapo ndipo aje na mtoto, maana mtoto, kabla ya kumtazama nyoka, atamtazama yeye.